Upanga wa Bati na Sindano ya Shaba: Historia Fupi ya Udhaifu wa Filamu Nafuu za Panga na Sihiri

1.0 Utangulizi

Kwa muda mrefu wahakiki wa Kiswahili wamezipa kisogo filamu nafuu za panga na sihiri, yaani zile filamu ambamo shujaa mwenye misuli hupambana kwa upanga na mchawi mwovu katika nchi isiyokuwamo kwenye ramani yoyote. Sababu inayotolewa ni kwamba filamu hizo ni duni, na kwamba uduni wake umetokana na ufukara wa waliozitengeneza. Makala hii inaikubali sehemu ya kwanza ya hoja hiyo na kuipinga ya pili. Tutajaribu kuonyesha, kwa kufuata historia ya utanzu huu tangu chimbuko lake hadi ulipofika kwetu, kwamba kasoro zake kubwa ni kasoro za utunzi, na kwamba fasihi ya Kiswahili ina vipimo vya kuzipimia.

Suala hili halihusu burudani peke yake. Wanafunzi wetu wa fasihi siku hizi hupiga filamu kwa simu za mkononi, na wengi wao huvutiwa na majini, mizimu na mashujaa. Kazi zao zinapohakikiwa, jibu la kwanza huwa, "Hatukuwa na pesa." Mwalimu akilikubali jibu hilo bila kulichunguza, anakuwa amewafundisha kwamba ubunifu hununuliwa dukani. Ni vyema basi kuuliza: ni kasoro zipi hasa zinazoletwa na ukosefu wa pesa, na ni zipi zinazoletwa na ukosefu wa fikra?

Tumechagua kuutazama utanzu huu tukiwa Kikopey, kituo cha barabarani kati ya Gilgil na Nakuru, juu ya bonde la Ziwa Elementaita. Wasafiri wanakijua kwa nyama choma. Mwandishi wa makala hii anakijua pia kwa sababu nyingine: huko ndiko alikoziona filamu hizo kwa mara ya kwanza, akiwa mtoto, mwanzoni mwa miaka ya 1990.

2.0 Chimbuko la Utanzu

Utanzu huu ulizaliwa katika maandishi kabla ya kuingia katika filamu. Mmarekani Robert E. Howard alimtambulisha shujaa wake Conan katika jarida la Weird Tales mwaka 1932. Jina la utanzu wenyewe, linalounganisha upanga na sihiri, lilipendekezwa na mwandishi Fritz Leiber mwaka 1961, wakati yeye na wenzake walipokuwa wakitafuta namna ya kuzitofautisha hadithi hizo na bunilizi nyinginezo za ajabu. Hata hivyo, ni mwaka 1982 uliofungua milango kwa upande wa filamu. Mwaka huo John Milius aliongoza Conan the Barbarian, ambayo mhusika wake mkuu aliigizwa na Arnold Schwarzenegger. Mwaka huo huo Albert Pyun alitoa The Sword and the Sorcerer, filamu iliyogharimu takriban dola milioni 4 na kuingiza karibu mara kumi ya kiasi hicho nchini Marekani.

Hesabu hiyo ndiyo iliyowavuta wafanyabiashara. Nchini Italia, Aristide Massaccesi, aliyetumia jina la Joe D'Amato, alitengeneza filamu za shujaa Ator. Nchini Argentina, mtayarishaji wa Kimarekani Roger Corman, aliyefariki mwaka 2024, alishirikiana na kampuni ya mwongozaji Héctor Olivera kutoa mfululizo wa filamu za aina hii: Deathstalker (1983), Barbarian Queen (1985), Wizards of the Lost Kingdom (1985) na nyinginezo. Gharama zilipunguzwa kwa kila njia, pamoja na kutumia tena picha zilizokwisha kupigwa. Deathstalker II (1987), mathalan, ina vipande vilivyotolewa katika filamu iliyoitangulia.

Soko lililozibeba kazi hizi lilikuwa la kanda za video. Mnunuzi wa kanda haoni filamu kwanza, huona jalada. Bango la Deathstalker lilichorwa na Boris Vallejo, msanii mashuhuri wa picha za aina hiyo, na mtu akilitazama huahidiwa ulimwengu mzima wa vitisho na maajabu. Filamu yenyewe haikulazimika kuitimiza ahadi hiyo, kwa kuwa pesa zilikuwa zimeshalipwa. Hapa tunapata jambo la kwanza la kuzingatia: utanzu huu, katika umbo lake nafuu, uliundwa kwa ajili ya kuuzwa kabla ya kutazamwa. Msimulizi wa ngano hakuwahi kuwa na nafasi hiyo. Hadhira yake iliketi mbele yake, na ilipochoka iliondoka.

3.0 Kasoro za Kimsingi

Kasoro zinazotajwa mara kwa mara ni zile zinazoonekana kwa macho: upanga unaopinda, mwamba unaotikisika, zimwi ambalo ni mtu aliyevaa gunia. Sisi tunaziona kuwa ndogo. Mtazamaji aliyezoea michezo ya jukwaani hukubali fimbo iwe mkuki na kanga iwe bahari. Kasoro tunazozikusudia ni nne.

Kwanza, sihiri isiyo na masharti. Katika filamu hizi mchawi hufanya lolote hadi pale mtunzi anapotaka ashindwe. Hapo uwezo wake hutoweka bila maelezo. Sihiri isiyo na mpaka haiwezi kuzaa taharuki, kwa kuwa mtazamaji hajui ni lini ahofu na ni lini atumaini.

Pili, ulimwengu usio na mshikamano. Katika filamu ya pili ya Ator, shujaa anayeishi zama za upanga na upinde huonekana ghafla akiruka kwa tiara kubwa ya kisasa na kuiangushia ngome ya adui mabomu. Tatizo hapa si ajabu ya kuruka, maana katika ngano hata mkeka huruka. Tatizo ni kwamba hakuna chochote kilichotangulia ambacho kingefanya kuruka huko kuwe sehemu ya ulimwengu ule.

Tatu, udhalilishaji wa mwanamke. Barbarian Queen inajidai kuwa kisa cha wanawake wanaopigania uhuru wao, lakini kamera yake inarudia kuwatazama wakibakwa na kuteswa kana kwamba hiyo ndiyo burudani yenyewe. Kasoro hii haiwezi kuelezwa kwa ufukara hata kidogo. Kuielekeza kamera kwingine hakugharimu senti.

Nne, na ndiyo iliyo nzito zaidi, ni uovu usio na sababu. Mchawi anataka kutawala dunia. Kwa nini? Atafanya nini nayo? Nani alimkosea? Hatuambiwi. Askari wake huchoma kijiji katika dakika za mwanzo ili shujaa apate kisasi, na kijiji hicho hakitajwi tena.

4.0 Je, ni Ufukara?

Hoja ya kwamba kasoro hizo zimeletwa na ukosefu wa pesa au wa vipaji inaweza kupimwa kwa mifano mitatu.

Mfano wa kwanza ni wa Héctor Olivera mwenyewe. Huyu ndiye aliyeongoza La Patagonia rebelde (1974), filamu kuhusu wafanyakazi wa mashambani waliouawa na jeshi kusini mwa Argentina, iliyopata Dubu wa Fedha katika tamasha la Berlin. Mtu aliyeweza kueleza kwa makini jinsi dhuluma inavyopangwa na nani anafaidika nayo ndiye aliyeongoza Barbarian Queen na Wizards of the Lost Kingdom. Hatuwezi kusema kwamba alikosa kipaji. Ila katika kazi hizi za mkataba hakuna aliyemdai maelezo ya uovu, naye hakuyatoa.

Mfano wa pili ulipigwa hapa kwetu. Sheena (1984), iliyoongozwa na John Guillermin, ilipigwa nchini Kenya kwa bajeti inayokadiriwa kuwa dola milioni 25. Mhusika mkuu, mwanamke mzungu aliyelelewa na kabila la kubuniwa na ambaye huwaamuru wanyama kwa kugusa paji la uso wake, aliigizwa na Tanya Roberts, aliyekuwa ameonekana katika The Beastmaster (1982). Pesa zilikuwapo na mandhari ilikuwapo. Hata hivyo, kasoro ni zile zile: uwezo wa Sheena hauna gharama wala kikomo, nchi yake haina watu wenye historia, na utabiri unaomleta hauna mwenyewe. Kijelezi kinachotosha ni cha punda milia wake. Alikuwa farasi aliyepakwa mistari. Kwa mtazamaji wa ng'ambo hilo lilikuwa dogo. Kwa mtazamaji wa Kikopey, anayeweza kuwaona punda milia wakilisha kando ya Elementaita, lilikuwa ungamo: waliokuja kupiga picha za nchi hii hawakudhani kwamba wenye nchi wangekuwa miongoni mwa watazamaji.

Mfano wa tatu ni wa Fumo Liyongo. Utendi ulioandikwa na Muhammad Kijumwa mwaka 1913 kwa kutegemea masimulizi ya kale ya pwani una kila kitu ambacho utanzu wa panga na sihiri unakitafuta: jitu lenye nguvu zisizo za kawaida, mfalme mwovu, kifungo, hila ya kutoroka, mwili usiodhuriwa na silaha, na usaliti. Gharama yake ilikuwa wino na karatasi. Tuzitazame sasa zile kasoro nne. Sihiri ya Liyongo ina sharti moja tu, nalo ni kali: hauawi ila kwa sindano ya shaba ikipenya kitovuni. Ulimwengu wake una mshikamano: tupa ya kukatia minyororo inamfikia gerezani ikiwa ndani ya mkate wa wishwa, kwa sababu walinzi hunyang'anya chakula kizuri na kuacha kilicho duni, na kelele za ngoma ndizo zinazoficha sauti ya tupa. Wanawake wake, mama na mjakazi Saada, ndio wanaoendesha wokovu huo kwa akili zao. Na uovu wake una sababu: mtawala wa Pate anamwogopa mtu ambaye watu wanampenda kuliko yeye.

Liyongo anapoulizwa na mwanawe jambo gani linaweza kumuua, anashuku, na bado anasema. Hapo ndipo msiba ulipo. Hakuna bajeti inayoweza kununua hali hiyo ya baba anayejua na kusema. Aidha, mtunzi hamwachi maiti aanguke kishujaa tu. Anampigisha goti kisimani akiwa ameuvuta upinde wake, na watu wa mji wanashindwa kuteka maji kwa hofu hadi mamaye anapokwenda kumbembeleza. Kifo cha shujaa kinakuwa tatizo la mji mzima, tatizo la maji.

Tungeweza kuongeza Utenzi wa Rasi 'lGhuli wa Mgeni bin Faqihi, wenye zaidi ya beti 4,000, ambao maelfu ya watu wanapigana ndani yake bila ya mwigizaji hata mmoja kulipwa. Lakini hoja imekwisha kueleweka. Pale palipokuwa na kipaji, kasoro zilibaki. Pale palipokuwa na pesa, zilibaki. Na pale pasipokuwa na pesa wala kamera, hazikuwapo.

Haki inatudai tukiri pia kile ambacho ufukara huleta. Mwaka 1981, wakati wa kupigwa kwa The Sword and the Sorcerer, mcheza michezo ya hatari Jack Tyree alifariki alipojirusha kutoka kwenye jabali. Ajali hutokea hata kwenye filamu kubwa, lakini pesa na muda wa kutosha ndivyo vinavyonunua mazoezi, bima na usalama. Mtengenezaji fukara anayo haki ya kulalamikia hayo. Hana haki ya kulalamikia kwamba mchawi wake hajui anachokitaka.

5.0 Banda la Kikopey

Banda tulilotazamia filamu hizi lilikuwa la mabati, nyuma ya safu ya bucha. Ndani mlikuwa na televisheni moja, deki moja ya video, viti vya mbao, na moshi wa nyama uliokuwa ukipenya kwenye matundu ya misumari. Waliohudhuria walikuwa madereva wa malori na utingo wao, wachomaji nyama waliomaliza zamu, na sisi watoto tulioketi sakafuni. Kanda zilikuwa nakala za nakala. Nyuso zilionekana kama zimezama majini. Wengi hawakufuata Kiingereza cha waigizaji. Kwa hiyo kijana mmoja alisimama kando ya televisheni na kutusimulia.

Siku moja, mchawi wa filamu alipokuwa akichoma kijiji, mzee mmoja mchoma nyama aliuliza kwa sauti, "Kijana, hebu tueleze, huyu mzee mwovu anataka nini hasa?" Kijana akanyamaza kidogo. Filamu haikuwa na jibu. Kisha akasema kwamba mchawi yule alizaliwa katika kijiji kile, akanyimwa sehemu ya kisima cha babake, na sasa amerudi kuchukua maji yote. Mzee akasema, "Ala! Sasa nimeelewa," nasi tukaitazama filamu iliyobaki kwa macho mengine. Kila mtu aliyeuawa alikuwa amekunywa maji ya kile kisima.

Wakati ule sikujua kwamba nilikuwa nikishuhudia uhakiki. Kijana yule aliigundua kasoro ya nne, akaiziba kwa kanuni ya fasihi simulizi, na hadhira ikaidhinisha. Jambo hili halikuwa la Kikopey pekee. Nchini Tanzania Derek Gaspar Mukandala, maarufu kwa jina la Lufufu, alijulikana kwa kusimulia filamu za kigeni kwa Kiswahili. Nchini Uganda wasimulizi wa kumbi za video wamekuwa na wafuasi wao. Na hapa Kenya DJ Afro amejenga jina kwa kazi hiyo hiyo. Ni vyema kulinganisha na yaliyokuwa yakitokea Marekani. Huko kipindi cha televisheni cha Mystery Science Theater 3000, kilichoanza mwaka 1988, kiliwaweka wasimulizi mbele ya filamu hizi hizi, pamoja na ile ya pili ya Ator, ili wazicheke. Msimulizi wa huko aliongeza maneno ili filamu ionekane duni zaidi, ilhali wa kwetu aliyaongeza ili ikamilike. Wote wawili waliona pengo moja.

Kwa nini pengo hilo lilimsumbua mzee wa Kikopey? Lazima tukumbuke wakati. Kati ya mwaka 1991 na 1993 Bonde la Ufa lilitikiswa na mapigano yaliyoitwa ya kikabila. Molo na Olenguruone nyumba zilichomwa, na maelfu ya watu wakahama. Maelezo mepesi yaliyotolewa yalikuwa kwamba makabila yalichukiana tangu zamani, yaani uovu hauna sababu, upo tu. Kamati ya Bunge iliyoongozwa na Kennedy Kiliku mwaka 1992, na baadaye tume ya Jaji Akiwumi iliyoundwa mwaka 1998, zilionyesha kwamba mapigano yale yalikuwa na wachochezi, na kwamba siasa na ardhi zilihusika. Mzee aliyeishi miongoni mwa watu waliochomewa nyumba hakuweza kuridhika na kijiji kinachochomwa bila sababu. Swali lake kwa filamu lilikuwa swali lake kwa nchi. Filamu inayozoeza watu kutouliza swali hilo ina dosari inayozidi ile ya upanga wa bati.

6.0 Urithi Wetu

Katika miaka ya 2000 na baadaye, watengenezaji wa Afrika Mashariki walianza kutunga fantasia zao wenyewe kwa bajeti ndogo. Nchini Tanzania, Mussa Banzi alitoa Nsyuka na Shumileta, filamu za vitisho zinazochota katika imani za mizimu na majini. Ubora wake wa picha unaweza kutiliwa shaka, lakini viumbe wake wana asili inayofahamika kwa hadhira, na hivyo wana masharti. Nchini Uganda, Isaac Nabwana alipiga Who Killed Captain Alex? (2010) katika mtaa wa Wakaliga, Kampala, kwa gharama ndogo mno. Na sauti ya msimulizi VJ Emmie imefanywa kuwa sehemu ya filamu yenyewe. Msimulizi wa bandani ameingizwa ndani ya kanda. Huo ni uvumbuzi wa kifani unaostahili kuchunguzwa, ingawa kwa maudhui kazi hiyo bado inategemea mno purukushani.

Hapa Kenya, Supa Modo (2018) ya Likarion Wainaina inamwonyesha msichana mgonjwa anayetamani kuwa shujaa wa ajabu, na kijiji kinachojipanga kumtengenezea filamu. Vifaa vya wanakijiji ni duni kwa makusudi. Hata hivyo sihiri ya kisa hiki ina sharti ambalo hakuna ajuaye namna ya kulivunja: mtoto atakufa. Kwa kuwa sharti hilo halikwepwi, mtazamaji haoni haja ya kuhesabu makosa ya mavazi. Hiyo ndiyo sindano ya shaba ya Supa Modo.

7.0 Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba historia ya filamu nafuu za panga na sihiri haithibitishi dai la kwamba ufukara ndio mama wa uduni. Ufukara huleta panga za bati na majabali ya karatasi, na wakati mwingine huhatarisha maisha. Haulazimishi mtunzi kuumba sihiri bila masharti, ulimwengu usioshikamana, wanawake wa kutazamwa wakiteswa, wala uovu usio na sababu. Hayo ni maamuzi, na mwenye kuamua anaweza kuulizwa.

Tunapendekeza kwa walimu wenzetu kwamba filamu hizi ziingizwe darasani sambamba na tendi, na kwamba mwanafunzi anayeleta muswada wa fantasia aulizwe maswali ya Kikopey kabla ya kuulizwa habari za kamera: sihiri hii inamgharimu nini anayeitumia? Kijiji kinachochomwa ni cha nani, na baada ya moto wanakwenda wapi? Huyu mwovu anataka nini hasa?

Ng'ambo ya Ziwa Elementaita kuna kilima ambacho kwa umbo lake huitwa shujaa aliyelala. Karibu na hapo, Kariandusi, zimechimbuliwa zana za mawe za binadamu wa kale, makali yake yakiwa bado yanaonekana. Mahali hapa hapajakosa mandhari ya fantasia wala silaha. Kinachongojewa ni watunzi watakaojua ni kwa nini shujaa huyo aliinuka, ni nani aliyemlaza, na ni maji ya nani yaliyokuwa yakigombaniwa.